Nyuma Kabisa ya Okestra

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu juzi. Daftari hili nimelinunua dukani kwa Sauda, Tukuyu mjini, kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumsimulia. Tata, baba yangu niliyekuja kumuuguza, anasikia vizuri, ila tangu kiharusi kimkamate upande wa kulia mwezi Desemba, maneno yanamtoka moja moja, tena kwa jasho. Ng'ombe nao wanasikia, lakini hawana maoni. Basi nitaandika.

Naitwa Tulinagwe. Nina miaka thelathini na sita na kazi yangu ni kupiga timpani. Nikisema hivyo hapa Nkunga watu wananiitikia "aaa" kwa adabu, halafu wananiuliza kazi yangu hasa ni ipi. Siku hizi nasema tu kwamba ni mwalimu wa muziki Nairobi, na hilo nalo ni kweli, maana ndilo linalolipa kodi ya nyumba. Lakini ualimu ni wa mchana. Jioni na Jumamosi mimi ni mtu wa okestra. Timpani ni ngoma zilizo kama masufuria makubwa ya shaba yaliyowambwa ngozi, kila moja na sauti yake, na mwenye kuzipiga hukaa nyuma kabisa: nyuma ya violini, nyuma ya filimbi, nyuma hata ya matarumbeta. Muziki huo wote nimeujua kwa kutazama visogo vya watu.

Tarehe 26 Aprili tunafunga msimu kwa simfoni kubwa. Katikati yake kuna mahali ambapo watu themanini wananyamaza wote na timpani inabaki peke yake, inanguruma chini chini, mpaka wengine wathubutu kurudi. Mahali hapo nimepasubiri tangu siku niliyopewa kiti. Mazoezi yanaanza Jumatatu ya Juma Kuu. Wifi yangu Esnath, mke wa kaka Asajile anayefanya kazi mgodini, ameahidi kuja kumuuguza Tata kabla ya hapo ili mimi niondoke. Nimemwambia akichelewa nitamfuata kwa miguu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimechuma chai mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Mwongozaji wetu wa okestra akiviona atazimia.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Mungu anisamehe, lakini matarumbeta ya usharika wetu yananitia homa. Wanakokota! Wimbo wa beti nne unakwisha mtu ameshazeeka. Kiongozi wao ni Amoni, mwenye bucha pale Kiwira, mtu mnene, mpole, anayepuliza kama amefumba macho, na kila mwisho wa mstari anaishikilia sauti kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Waumini wanamfuata yeye, yeye anawafuata wao, anayeongoza hajulikani. Mguu wangu ulikuwa unapiga mapigo peke yake chini ya benchi mpaka mama mmoja akanishika goti.

Ngoma kubwa ya matarumbeta haina mpigaji. Mpigaji alikuwa Tata, tangu mimi sijazaliwa, na ndiye aliyenishikisha vijiti kwa mara ya kwanza. Alipoanguka waliileta nyumbani kwa heshima, imefunikwa blanketi, na iko chumbani kwake. Baada ya ibada Amoni akaja kuniomba niipige Pasaka, alfajiri, pale makaburini. Nikamwambia Pasaka nitakuwa Nairobi. Hakubembeleza wala hakununa. Akasema sawa dada, akanipa kilo ya maini nimpelekee mzee, imefungwa gazetini. Ningependelea anune.

Ijumaa, 14 Machi

Mto umefurika, maziwa hayakwenda kuuzwa. Tumekunywa maziwa mpaka basi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo Tata ameniuliza swali. Nilikuwa namnyoa ndevu. Akanishika mkono wenye wembe, akasema, "Kule nyuma. Unasikia nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata yule mwanamume niliyekaribia kuolewa naye. Kwa hiyo nilimjibu kwa kirefu, povu likimkauka kidevuni. Nikamwambia waliolipa kiingilio wanasikia muziki umeshapakuliwa; sisi wa nyuma tunausikia jikoni. Namsikia mpiga tromboni akivuta pumzi kabla hajatoa sauti. Zile besi kubwa zinazopigwa kwa kusimama nazisikia zinavyokwaruza zikianza, mkwaruzo ambao mbele haufiki. Violini nazisikia kutoka mgongoni, hazina sukari. Na kuliko vyote nasikia kusubiri. Tuna mpiga matoazi ambaye katika kazi moja anakaa karibu saa nzima, anasimama, anapiga mara moja, anakaa. Watu wanamcheka. Lakini hakuwa amelala. Muziki wote ameuhesabu kwa vidole pajani, kipimo kwa kipimo, na hakuna mtu ukumbini aliyeusikiliza kuliko yeye.

Nikamwambia pia kwamba kule nyuma sauti za wenzako zinakufikia zimechelewa. Ukipiga pale masikio yanapokuambia, nawe umechelewa. Inabidi ufuate fimbo ya mwongozaji kwa macho, upige kabla hujasikia sababu ya kupiga. Tata akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Akasema hapo ni pagumu.

Jambo la tatu nilimwonyesha. Niliitoa ngoma yake blanketini, nikamwekea kiganja cha kushoto juu ya ngozi, nikainama na kuimba sauti moja, naipandisha, naishusha, mpaka nikaipata ile ambayo ngoma inaijua. Ngozi ikatetemeka chini ya mkono wake bila mtu kuigonga. Nikamweleza kwamba ndivyo ninavyozipima ngoma zangu wenzangu wakiendelea kupiga: naweka vidole, zikiitikia najua zimekaa sawa. Tata hakuutoa mkono. Pumzi ikaniishia, akanifanyia ishara niendelee.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda Tukuyu kwa Sauda. Tulisoma darasa moja; leo ana duka la madaftari na simu, na intaneti ya kasi. Yuko kwenye mfungo, kwa hiyo chai yangu nimeinywa nimejificha nyuma ya kabati kama mwizi, ingawa mwenyewe alisema ninywe tu. Akanipakulia ile simfoni, imepigwa na okestra moja ya Ulaya, akanivika visikilizi vyake vikubwa.

Jamani. Sikuwahi kuisikia kutoka mbele. Wanaorekodi huweka vinasa sauti mbele, walipo wenye tiketi za bei. Violini zilikuwa tamu, tamu mno, nikazichukia. Tromboni hazikuwa na pumzi. Na timpani zilikuwa mbali, kama radi ya Kyela ukiisikia huku juu. Kumbe ndivyo tunavyosikika! Miaka yote hiyo nilidhani natikisa ukumbi.

Nikalia pale pale dukani. Sauda akadhani nimepata habari mbaya. Nikamwambia sina habari yoyote, natamani tu kurudi nyuma kule. Nakitamani kile kiti mpaka mgongo unaniuma. Natamani baridi ya shaba asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, natamani hata kikohozi cha mzee wa klarineti. Sauda akanipa karatasi ya kufutia machozi, akasema hajapata kumwona mtu anayelilia mahali pabaya pa kukaa.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua, mvua, mvua. Ngozi ya ngoma imelegea kwa unyevu. Nimeikausha karibu na moto, Tata akisimamia kwa macho.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimemuua baba yangu. Ngoja nieleze kwa utaratibu.

Mikono yangu ilikuwa inasahau. Ule mngurumo wa timpani ni kazi ya viganja. Mikono miwili inapokezana upesi mpaka mapigo yanakuwa sauti moja. Ukikaa bila mazoezi, unasikika kama mahindi yanayomwagika kutoka gunia lililotoboka. Asubuhi mvua ikakatika. Nikaitoa ngoma barazani, nikailaza juu ya viti viwili, nikafunga soksi za sufu kwenye vijiti, nikaanza. Chini chini kwanza, kisha nikaukuza. Upepo haukuwepo, bonde lote limelowa, na sauti ikateremka vizuri migombani ikavuka mto. Nikafumba macho. Nilikuwa na watu themanini mbele yangu. Nikanguruma, nikanyamaza na kuhesabu mahali pa kunyamaza, nikaanza tena, sijui kwa muda gani.

Sasa, yeyote aliyezaliwa huku anajua, na mimi nimezaliwa huku, sina pa kujifichia. Ngoma kubwa ikilia asubuhi ya siku ya kazi, nyumbani kwa mgonjwa, inalia na kunyamaza, inalia na kunyamaza, hakuna anayesema ni mazoezi. Ule ni msiba.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, khanga kiunoni, mkungu wa ndizi kichwani, na alipokata kona ya nyumba alikuwa ameshaanza kulia. Nyuma yake wakaja wanne, kisha wachuma chai na vikapu vyao mgongoni, kisha wanaume na kuni na mapanga ya kukatia miti ya turubai. Nilikuwa nimesimama na vijiti vyangu vya soksi. Kila nilipofungua mdomo nieleze, mama mmoja alinivuta kifuani mwake na kunizima. Amoni akafika na toyo, ile pikipiki yake ya magurudumu matatu ya kubebea nyama. Amefunga bucha, tarumbeta iko shingoni, paja zima la ng'ombe liko nyuma. Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti. Akanishika mabega, akasema tumepata hasara kubwa, dada.

Ndipo Tata akatoka. Makelele yalikuwa yamemwamsha. Alisimama mlangoni, mkono wa kushoto ukutani, koti la Jumapili juu ya nguo za kulalia. Kilio kikakatika, kuanzia mbele mpaka nyuma, isipokuwa wale waliokuwa bado wanashuka kilimani, hao waliendelea. Bibi mmoja akakaa chini kwenye tope. Tata akawatazama mmoja mmoja, bila haraka, hata wale wa kilimani, kisha akasema kwa Kinyakyusa, neno limenyooka, halikukwama hata kidogo:

"Ndaga."

Yaani asanteni. Halafu akaomba kiti.

Walicheka mpaka wengine wakashikilia nguzo za baraza. Mimi sikucheka, nilitamani ardhi ipasuke. Na kwa kuwa kwetu chakula kilicholetwa msibani hakirudishwi nyumbani kwa aliyekileta, hawakuondoka. Wakapika. Wakala. Tata akaketi katikati na sahani yake, akina mama wakashindana kumweleza nani alilia kwa sauti zaidi, na Amoni akapiga wimbo mmoja wa mazishi kwa kuwa, alisema, alikuwa ameshaupanga moyoni njia nzima. Aliukokota, lakini leo sikuwa na mdomo wa kusema.

Walipoondoka nikamlaza Tata. Nikamwomba radhi. Akageukia ukutani.

Jumanne, 25 Machi

Kila ninayekutana naye njiani ananipa pole, halafu anaangua kicheko.

Ijumaa, 28 Machi

Tata hasemi. Siyo kwamba hawezi. Anakaa anautazama uwanja pale walipokuwa wamekaa.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Sauda ametuma pilau kwa bodaboda. Tata amekula sahani mbili kimya.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo amesema. Nilikuwa namvalisha soksi, mvua inapiga bati, ikabidi nisogeze sikio. Alitumia muda mrefu, na mimi sikumsaidia kumalizia maneno kama ninavyofanya siku zote. Alisema, "Siku ile walikuja wote. Niliwaona. Nikifa kweli sitawaona. Na wewe utakuwa huko, utapigiwa simu." Akapumzika. "Ngoma ile niliisikia usingizini. Nikadhani ni mimi ninayepiga. Kaa mpaka Pasaka, Tuli. Nikusikie mara moja, nikiwa macho."

Nikamwambia nitafikiri, nikatoka kwenda zizini, na huko nikapiga teke ndoo.

Nimekasirika. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kumwambia mtu. Kwa nini hakuomba mwezi wa pili? Kwa nini anaomba kitu kimoja, maisha yake yote hajawahi kuniomba kitu, anakuja kuomba hiki? Mwongozaji alituambia wazi mwanzo wa msimu: asiyekuwepo mazoezi ya kwanza ya simfoni, kiti chake kinachukuliwa na atakayekuwepo, na ndiye atakayebaki nacho. Wapiga timpani wako wengi, kiti ni kimoja. Violini wanakaa ishirini, mmoja akiugua hakuna anayejua. Mimi nikikosekana kuna shimo, na shimo lazima lizibwe.

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani. Amoni hakuniuliza chochote. Amemletea Tata mkia wa ng'ombe.

Alhamisi, 10 Aprili

Esnath amefika kutoka Kiwira na mabegi mawili na fagio lake mwenyewe, kana kwamba sisi hatufagii. Jioni alikuwa ameshamwogesha Tata, amempikia uji, amemgombeza na amemchekesha. Anamuuguza vizuri kuliko mimi, nakiri. Ameniambia, wifi, nenda na moyo mweupe. Tata alikuwepo, akatazama dirishani.

Ijumaa, 11 Aprili

Begi tayari. Nimemuaga Tata leo jioni kwa sababu basi ni la asubuhi mno. Nimemwambia Esnath atamrekodi Amoni na wenzake kwa simu anitumie. Akaitikia kwa kichwa. Hajaomba mara ya pili.

Jumamosi, 12 Aprili

Niko nyumbani.

Sikuota ndoto wala sikusikia sauti ya Mungu. Nilifika stendi Tukuyu, mpiga debe akachukua begi langu akaliingiza kwenye buti, nikapanda, nikakaa siti ya nyuma kabisa kama kawaida yangu. Nikajiambia simfoni haiondoki duniani; itapigwa tena, Nairobi au kwingine. Halafu nikajiambia na ukweli wake: itapigwa, na anayepiga hatakuwa mimi. Nikakaa na yote mawili. Dereva akawasha gari. Nikasimama nikaomba begi langu. Mpiga debe alinitukana sana na nadhani ilinifaa.

Nilipofika uwanjani Esnath alishika kiuno, akauliza nimesahau nini. Tata alikuwa barazani. Akasogeza fimbo yake iliyokuwa juu ya kiti cha pili, nikakaa.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo wamekaa mazoezini. Nilimwandikia mwongozaji jana. Akajibu kwa upole kwamba anaelewa, na kiti ni cha Doreen. Doreen ni mwanafunzi wangu mwenyewe, nimemfundisha tangu hajui kushika kijiti. Mchana akanipigia, anauliza lile eneo la peke yake linaingiwaje. Ningeweza kumwambia sijui. Nilimfundisha kwa simu saa nzima, nikisimama chini ya mti wa parachichi penye mtandao, mvua inanilowesha. Nikamwambia asisubiri kusikia. Nikamwambia apumue na tromboni. Kisha nikaenda kukata majani ya ng'ombe kwa hasira, nikakata ya siku tatu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mazoezi na matarumbeta. Nimegombana na Amoni kuhusu kukokota. Nimempigia mapigo ya kasi moja, moja mbili tatu nne, yeye akaniacha nimefika mbele peke yangu, na ngoma yangu ikalia wakati wenzangu wote bado wanaishikilia sauti ya mwisho wa mstari. Waliokuwepo wakaketi, wakidhani wimbo umekwisha. Amoni akasema keshokutwa nitaona mwenyewe. Nikauliza nitaona nini. Akasema, "Utaona watu, dada."

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Tulitoka giza bado lipo. Amoni alikuwa ameiosha toyo kwa sabuni na kutandika majani ya migomba na godoro, tukampandisha Tata kama mfalme. Makaburi ya usharika yako kwenye mteremko, ukungu ulikuwa umelala juu yake, na watu walikuwa wanakuja na mishumaa na taa za simu, mvua imesimama tu kwa heshima ya siku. Tata tukamweka kwenye kiti kando ya kaburi la mama.

Desturi ya usharika wetu ni kwamba matarumbeta yakianza, kila mtu anaimba huku anatembea kwenda kwenye kaburi la wa kwake. Nilikuwa nimeisahau. Nilipokuwa mtoto nilikuwa natembea nao, na nilipokua nikaondoka. Sikuwahi kuitazama nikiwa nimesimama nyuma ya wapigaji. Nikamtazama Amoni, maana Ijumaa aliniudhi na sikutaka aniache tena. Nikaona macho yake hayajafumbwa. Yako wazi kidogo, yanatazama mteremko. Bibi mmoja alikuwa anashuka na mkongojo kwenye tope, mshumaa mkononi, anaimba huku anatafuta pa kukanyaga. Mstari ulikuwa umekwisha. Amoni akaishikilia sauti, wenzake wote wakaishikilia, mashavu yanawatetemeka. Bibi akafika kaburini kwake, akasimama, akainua kichwa. Hapo ndipo Amoni akaachia, na mstari wa pili ukaanza.

Miaka yote nimewaita watu wazembe, kumbe walikuwa wanamsubiri wa mwisho.

Nikaacha kuhesabu. Nikayafuata mabega ya Amoni kama ninavyoifuata fimbo ya mwongozaji, na alipokuwa anasubiri nami nikawa nasubiri, kijiti kiko juu. Mchungaji alipotangaza kwamba Bwana amefufuka, na watu wakaitikia kwamba kweli amefufuka, Amoni akanigeukia akanipa ishara ambayo hatukuwa tumeifanyia mazoezi. Nikanguruma. Nilianza chini kabisa, mpaka watu wakawa hawajui kama ni ngoma au ni ardhi, nikaukuza mngurumo, nikaukuza tena, bonde likaujibu, na safari hii hakuna aliyekuja mbio na mkungu wa ndizi.

Okestra haitazami nyuma. Mwongozaji hukutupia jicho mara moja na kukuacha. Leo Tata alinitazama mwanzo mpaka mwisho, hakupepesa, na mimi sikujua niyapeleke wapi macho yangu. Nilipomaliza nikaubana mtetemo wa ngozi kwa kiganja. Nilingoja aseme kitu. Akasema anasikia baridi, anataka chai.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua imerudi. Chai imekua kama magugu. Nimechuma.

Ijumaa, 25 Aprili

Doreen ametuma ujumbe mrefu wa shukrani. Sijaufungua wote.

Jumamosi, 26 Aprili

Sauda alikuwa amenitafutia kiungo cha kutazamia moja kwa moja kutoka Nairobi, na alifunga duka mapema kwa ajili yetu. Nilitaka kutazama peke yangu. Tata akakataa kubaki nyumbani. Kwa hiyo toyo tena, na Amoni naye akajikaribisha, amevaa tai. Tukakaa wanne mbele ya kompyuta ya dukani, katikati ya makava ya simu.

Kamera ilikuwa mbele. Nilivitafuta visogo vyangu, nikaona nyuso, na watu niliokaa nao miaka minane nikawaona kama wageni. Wa nyuma kabisa alionekana paji la uso tu, juu ya tromboni. Nililifahamu paji lile. Nikawa nahesabu pajani bila kujua, mpaka Tata akauweka mkono wake wa kushoto karibu na wangu, juu ya goti langu, akavihisi vidole vinavyohesabu. Akauacha hapo.

Pakafika. Themanini wote wakanyamaza. Niliuinua mkono wangu kidogo, Mungu anajua nilitaka kufanya nini. Doreen akaingia. Aliingia kabla ya kusikia, kama nilivyomwambia, chini kabisa, sauti moja isiyo na mahindi ndani yake, akaipandisha taratibu na mtandao haukukatika hata mara moja. Alipiga vizuri. Nilitamani akosee, na nilitamani asikosee, na machozi yakanitoka kwa yote mawili mbele ya Amoni na tai yake. Halafu violini zikathubutu kurudi.

Tata aliuliza, "Ni pale?"

"Ndiyo, Tata. Ni pale."

"Padogo."

"Padogo sana."

Akaegemea kiti. Kwenye kompyuta besi zilikuwa zimeingia, nikaukosa ule mkwaruzo. Nilidhani amechoka, nikataka kumwambia Amoni awashe toyo. Kumbe alikuwa anayapanga maneno. Yalipokuwa tayari aliyatoa yote kwa mkupuo, bila kunitazama.

"Nilikuomba ukae. Ningekuwa mimi, Tuli, ningepanda basi."

Sauda akauliza kama aongeze sauti. Nikamwambia aongeze.